Kazi Niliyopewa Msibani

Mwanangu Somoe,

Marahaba. Najua bado hujaniamkia, lakini alfajiri utakuwa na haraka ya lori, na mimi nitakuwa nimejifanya nimelala. Basi shikamoo yako naipokea mapema, isije ikaanguka njiani.

Barua nzuri, alivyotufundisha mwalimu kabla sijaacha shule darasa la nne, huanza kwa kuuliza hali. Hali yako naisikia. Uko chumba cha pili, unageuka, na kamba za kitanda zinalalamika. Yangu unaijua: mgongo, meno, na uongo kidogo. Mama yako mzima, ndiye huyo anayekoroma. Salamu zimekwisha.

Habari za kanga gani uvae, dagaa umefunga wapi, na nani usimpe mzigo akushikie, mama yako amekwambia tangu adhuhuri, na nadhani hata sasa anaendelea kukwambia usingizini. Mimi hayo siyajui. Nataka kusema juu ya lile neno la wakati wa chakula.

Mjomba wako Athumani alipomaliza kukuombea dua ya safari, kila mtu akakupa neno lake zuri. Ikafika zamu yangu. Nikasema, "Nenda Mtwara. Bila kazi usirudi." Mjomba wako akacheka. Bibi yako, ambaye hasikii vizuri, akacheka kwa sababu mjomba wako amecheka. Wewe tonge lilikuwa limefika midomoni, ukalirudisha sahanini. Nililiona. Nilitaka kuongeza kitu, lakini mdomo wangu huu, ambao siku zote hunitangulia, safari hii ukabaki nyuma. Ukanawa, ukaingia ndani.

Nitalifikia hilo neno. Ila mimi sijawahi kufika mahali kwa njia fupi. Ukitaka kujua lilitoka wapi, itabidi unifuate kwanza mpaka kiwandani, halafu mpaka msibani kwa akina Rashidi.

Nilishuka kutoka Chilangala nikiwa kijana mwenye nywele. Kule juu maji tulikuwa tukiyafuata bondeni: mtu anashuka na ndoo tupu anaimba, anapanda na ndoo imejaa anatukana. Nilipomwoa mama yako nikaja kukaa kwao hapa Lisekese, ndugu zangu walisema sikuoa mke, nimeoa kisima. Ndugu zangu husema kweli mara chache, na hiyo ilikuwa mojawapo. Lakini hapa Masasi kulikuwa na kiwanda cha korosho pia, na kiwanda kikanipa ovaroli ya bluu.

Wewe ile ovaroli umeijua ikiwa tambara la kushikia sufuria. Hukuiona ilipokuwa na vifungo vyote. Nilikuwa upande wa kukaangia, mafuta ya maganda yakanichubua viganja mpaka mama yako akawa ananisalimia kwa kiwiko. King'ora kikilia asubuhi natoka, natembea katikati ya barabara. Mtu mwenye kazi hatembei pembeni.

Kisha mambo yakaanza kukohoa. Mara kipuri hakuna, mara umeme, mara korosho zenyewe hazifiki. Siku moja tukaambiwa, "Nendeni nyumbani, mtaitwa."

Mtaitwa ni neno tamu, Somoe. Halina tarehe. Tulikwenda nyumbani jioni, asubuhi tukarudi langoni, watu wazima na ndevu zetu, tumevaa ovaroli zetu, tukakaa kwenye kivuli cha ukuta kungoja kuitwa. Kila siku mmoja wetu alikuja na habari. Kuna mwekezaji anakuja. Mhindi. Hapana, Mzungu. Kuna wiki alikuwa Mchina. Tukawa tunabishana atataka kuanza na zamu ipi. King'ora kilikuwa kimenyamaza, lakini miguu yangu iliendelea kukisikia.

Mama yako naye alikata pipa bovu, akaliweka juu ya mafiga uani, akaanza kukaanga korosho na kubangua kwa mkono, gogo chini na kipande cha chuma juu. Mzigo anampelekea mama yako mdogo Nanganga, mabasi yanaposimama. Nikamwambia kazi ile ni ya kitoto, na kwamba zinavunjika. Kiwandani korosho iliyovunjika tuliitazama kama mtu aliyelewa mchana. Hakuinua hata kichwa. Akasema, "Baba Somoe, abiria hawazipigi picha. Wanazitafuna."

Watu wanasema nilikuwa mvivu. Hata wewe umewahi kulifikiri, usikatae. Lakini niliamka kabla ya mama yako kila siku. Kosa langu lilikuwa jingine: nilidhani kungoja ni kazi, kwa sababu kulinichosha kama kazi. Jioni mgongo uliniuma kweli. Nilikula ugali wa mke wangu nikiamini nimeutolea jasho.

Halafu likaja soko huria. Ushirika ukapwaya kama suruali ya mgonjwa, na wanunuzi wakaja na malori yao, mizani yao na watoto wa shangazi zao. Kazi zilikuwepo sasa, lakini zilikuja zimeshakaliwa. Ndipo nikaanza kutafuta, nimechelewa, na mvi kwenye ndevu. Niliandika barua za maombi kwa mwandiko huu huu unaokuumiza macho. Niliazima viatu vya mjomba wako, ambaye Mungu alimpa cheo kikubwa na miguu midogo. Nikaingia ofisi moja nachechemea, karani akanitazama miguuni, akasema kwa huruma, "Mzee, hospitali ni kule chini." Nikamshukuru nikaenda. Nilifika mpaka hospitali, maana niliona aibu kugeuka akiwa ananitazama.

Dereva mmoja wa lori ndiye aliyenifumbua macho. Aliniambia, "Mzee, siku hizi kazi haibandikwi ukutani. Inasemwa msibani." Nikafikiri, nikaona ni kweli. Wapi pengine unamkuta aliyetoka Dar, aliyetoka Mtwara, mwenye ghala, mwenye lori na mwenye duka wote wamekaa jamvi moja, hawana pa kukimbilia?

Basi nikawa mtu wa misiba. Mama yako aliniuliza, "Baba Somoe, huyu aliyekufa ulikuwa unamjua?" Nikamwambia, "Bado. Nakwenda kumjua." Nilibeba majeneza ya watu ambao sikujua hata majina yao. Na kwa Wayao ilikuwa rahisi zaidi, kwa sababu mimi Mmakonde ni mtani wao, na mtani msibani hahitaji kualikwa. Ana kazi yake. Waliofiwa wakizidiwa na kilio, yeye ndiye wa kuwafanya wacheke kidogo wapate kupumua. Atavaa kofia ya marehemu, atatembea kama yeye, ataficha sufuria ya pilau, atatukana ukoo mzima, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Mungu alinipa kipaji kimoja tu, na hicho hakina mshahara.

Ndipo akafariki mama yake Rashidi, pale juu karibu na soko.

Rashidi tulikuwa tunajuana tangu ujana. Alikuwa amekwenda Mtwara akarudi msimamizi wa wanunuzi wa korosho, ana saa mkononi na kitambi cha kuazima. Majembe ya kuchimbia kaburi yalipangwa nje ya nyumba, vijana wanajiandaa, nami nikaenda nikayakalia. Nikasema siondoki, kaburi halichimbwi, mpaka Wayao wanipe jogoo. Kelele zikaanza. Wanawake waliokuwa wanalia ndani wakachungulia. Rashidi akatoka, macho mekundu, akasimama mbele yangu.

"Ee mtani," akasema, "mtu mzima huna kazi, umebaki kukalia majembe ya watu! Njoo kesho ghalani kwangu, kule nyuma ya stendi, nikupe ufunguo ulinde magunia yangu. Labda utajifunza kuvaa shati lenye kola."

Watu wakaangua kicheko. Nami sikumkawiza. "Nilinde nini? Magunia yasiibwe na watu, au wewe usiyaibe? Nenda kwanza ukamzike mama yako, ndiye peke yake aliyekuwa na akili katika ukoo huu!"

Mzee mmoja alicheka mpaka akashikwa na kikohozi. Rashidi akafuta macho. Akainama, akanishika bega, akasema tena, "Nasema kweli. Njoo kabla jua halijachoma."

"Na mimi nasema kweli," nikamjibu kwa sauti, wote wasikie. "Nitakuja nimempanda punda aliyemzaa babu yako."

Nikapewa jogoo wangu. Nilirudi nyumbani natembea katikati ya barabara. Nikamsimulia mama yako yote, na sauti zote, mpaka na kile kikohozi. Alikuwa anabangua. Mkono wake ukasimama hewani.

"Huyu mtu amekupa kazi," akasema.

"Mke wangu, utani ule. Msibani hakuna kweli."

"Aliposema mara ya kwanza alicheka?"

"Alicheka."

"Na mara ya pili?"

Nikajaribu kukumbuka. Nilikumbuka kicheko cha kila mtu pale uani, hata cha watoto. Cha Rashidi mara ya pili sikukipata. Lakini jogoo alikuwa anachemka, na mimi nilikuwa nimesifiwa siku nzima, na mtu aliyesifiwa hapendi kusahihishwa na mkewe. Na nikuambie lililokuwa chini ya hayo yote: niliogopa. Je, nikienda na ikawa ni utani? Nisimame mlangoni kwa Myao na shati langu la kola, ghala zima linicheke? Kucheka watu najua. Kuchekwa sikuwa nimejifunza. Sikwenda.

Ufunguo alipewa fundi baiskeli mmoja aliyetoka bara, aliyekuwa amesimama nyuma yangu siku ile na sururu mkononi. Hakuwa na utani na kabila lolote huku kwetu, maskini, kwa hiyo aliyasikia maneno kama yalivyosemwa. Alimngoja Rashidi mlangoni, akamwambia, "Yule uliyemwita akija, nitaondoka." Sikwenda kumwondoa. Amejenga nyumba ya bati kule Nanganga. Kila ninapokwenda kwa mama yako mdogo napita mbele yake, na ananiamkia kwa heshima kubwa, jambo linaloniudhi sana.

Nilikutana na Rashidi baadaye stendi. Akasema, "Mtani, nilikungoja."

Nikasema, "Nilidhani unatania."

Akasema, "Na mimi nilidhani unatania ulipokataa."

Tukacheka, lakini ilikuwa kama kukohoa.

Mwaka ule ndipo ulipoitwa sekondari, na badala ya sekondari ukaenda Nanganga kuinua sahani za korosho kwenye madirisha ya mabasi. Hapo sitaandika mengi. Hukuniuliza, nami nilifurahi kwamba hukuniuliza.

Sasa tuje kwa mwaka huu. Rashidi naye akafa, na mimi, mgongo huu, nikapanda tena mpaka pale nyumbani kwao karibu na soko. Majembe yakapangwa pale pale. Nikayakalia. Vijana wakauliza, "Mzee unataka nini leo, jogoo?" Nikawaambia, "Sitaki jogoo. Marehemu anipe ufunguo wangu." Walicheka sana, wale wanaokijua kisa na wasiokijua. Ilibidi waninyanyue, wakidhani naendelea na mchezo. Haukuwa mchezo, Somoe. Nilikuwa nalia kwa njia ya wazee, ambayo haionekani.

Wewe ulikuwepo siku ya kuanua tanga. Unajua mwenyewe alivyosema Mwanaisha, binti yake, huku anacheka na machozi yake. "Baba yako amekosa ufunguo kwa baba yangu. Basi wewe mtani njoo Mtwara, nina cherehani ya pili imekaa bure. Kushona unajua, si wewe ndiye unayemtia viraka huyu mzee?" Wanawake wote wakacheka. Mimi nilikuwa upande wa wanaume, sikio langu huku. Nilingoja nikusikie unamrudishia kwa matusi mazuri ya kwetu, nijivune. Ukasema, "Nije lini?"

Sikutegemea. Kicheko kikakatika. Mwanaisha akasema, "Njoo mwezi ukiandama." Aliposema hivyo alikuwa anacheka au hacheki? Sijui. Sikumwona uso, pazia lilikuwa katikati. Nimekaa na jambo hilo siku zote hizi wewe ukifua na kukunja nguo. Ulimwambia mjomba wako, mjomba akatoa ruhusa, na mimi baba sikuulizwa, kama ilivyo desturi ya hawa Wamakua wa mama yako. Hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba unakwenda kugonga mlango ule ule niliouogopa mimi, na huenda ukafunguliwa na mtu anayesema, "Ala! Mtani, umekuja kweli?"

Akisema hivyo, cheka naye. Mwombe maji ya kunywa, kaa kitako, kisha mwulize jirani yake nani ana cherehani. Sema wazi kwamba unatafuta kazi. Mimi niliona aibu kulisema, nikawa nalizunguka kama kuku mwenye yai, na watu walidhani nimekuja kusalimia. Na usikubali kukaa kwenye kivuli cha lango lililofungwa, hata wakikuita kwa jina lako. Pana baridi nzuri pale na mazungumzo matamu. Hiyo ndiyo hatari yake.

Mengine sijui, mama. Nimechoka, na sitaki kukudanganya kwamba kuchoka kumenipa hekima. Vibarua vya kupulizia mikorosho ya watu salfa vimenipa kikohozi tu. Nimeona wenye bidii wakikosa na wajinga wakipata. Nimeona wenye bidii wakipata pia, lakini hao hawaji kukaa na mimi. Mtwara itakuwa na watu wengi kama wewe, wamefika na lori kama lako, na cherehani ni ile moja ya pili. Huenda ukakosa, na ukikosa haitakuwa kwa sababu ulikosea.

Kwa hiyo lile neno langu.

Kwanza, sikuwa na haki ya kulisema kwa utani. Babu humtania mjukuu, Mmakonde humtania Myao, lakini baba hamtanii mwanawe. Ni jambo linalojulikana na kila mtu isipokuwa mimi. Nilikuwa nimetafuta neno la kweli kutwa nzima, sikulipata, zamu ikafika, nikashika lililokuwa karibu. Ndivyo nilivyoishi maisha yangu yote, nashika lililokuwa karibu.

Pili, sikuwa na haki ya kulisema kwa kweli pia. Nyumba hii si yangu. Ni ya mama yako, na aliipata kwa mama yake, na siku moja itakuwa yako. Mimi nilikuja hapa na mkeka mmoja na ngozi ya mbuzi. Mama yako akiamka vibaya, anayeweza kuambiwa asirudi ni mimi. Wewe ni mwenye nyumba unayesafiri. Mimi ni mgeni aliyepitiliza, ninayekulindia mlango usiibwe. Ndiyo kazi niliyoipata mwishowe, nayo pia haina shati la kola.

Barua hii naitia chini ya dagaa, mahali ambapo mama yako ameshakagua na hatakagua tena. Utaisoma lori likiwa limekwisha vuka Nanganga, na itanuka. Uvumilie.

Ukipata kazi, rudi utuoneshe. Ukikosa, rudi. Ukirudi mikono mitupu mchana kweupe na Lisekese nzima ipo barabarani, pita katikati ya barabara.

Rudi, Somoe. Nasema mara ya pili: rudi. Mwulize mama yako, yeye ndiye anayejua kuuliza habari ya mara ya pili. Sicheki.

Baba yako